Kusema kwa Kinywa cha Mwingine: Mudimbe na Riwaya Yake ya 1976

Swali moja hurudi mara kwa mara katika madarasa ya fasihi: mwandishi ana haki gani ya kumwumba mhusika ambaye mapenzi yake si kama ya mwandishi mwenyewe? Kabla ya kulijibu kwa nadharia, inafaa tuliangalie katika historia. Nayo historia hiyo haiko mbali nasi.

V.Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, alifundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970. Mwaka 1973 alichapisha L'Autre face du royaume, kitabu kilichowahoji wataalamu wa Ulaya waliozoea kusema juu ya Mwafrika badala ya kumsikiliza. Miaka mitatu baadaye, Présence Africaine ya Paris ilitoa riwaya yake Le Bel immonde, na hapo mwenye kuhoji aliingia mwenyewe katika jaribio lile lile. Mwanaume huyu, aliyepata kuwa mtawa wa Kibenediktini kisha akaoa, alisimulia maisha ya msichana wa Kinshasa anayepokea wanaume kwa ajili ya fedha, huku mapenzi yake ya ndani yakiwa kwa mwanamke mwenzake.

Ili kupima uzito wa tendo hilo, tuwakumbuke waandishi wa wakati wake. Katika The Interpreters (1965), Wole Soyinka aliyaweka mapenzi ya mwanaume kwa mwanaume mabegani mwa Joe Golder, Mmarekani. Yambo Ouologuem, katika Le Devoir de violence (1968), alimkutanisha kijana wa Kiafrika na Mfaransa, huko huko Ufaransa. Katika Our Sister Killjoy (1977) ya Ama Ata Aidoo, anayemtamani msichana wa Ghana ni Marija, Mjerumani. Mwaka 1989 mtafiti Chris Dunton alionyesha kwamba mara nyingi mapenzi hayo yalitumiwa kama alama ya Magharibi. Yulisa Amadu Maddy wa Sierra Leone, katika riwaya yake ya 1973, alikuwa miongoni mwa wachache waliomtazama Mwafrika wa namna hiyo kwa huruma.

Mudimbe hakumwita mgeni yeyote aje kubeba mzigo huo. Msichana wake, aitwaye Ya, ni mtoto wa nchi. Baba yake ameuawa katika maasi ya miaka ya 1960. Watu wa kwao wanamtaka ampeleleze waziri anayempenda. Naye moyo wake unavutwa huku na huku. Sauti ya usimulizi hubadilika: mara anasimuliwa, mara anaambiwa, mara anasema mwenyewe. Hivyo mapenzi yake ni sehemu ya maisha yake, wala hayageuki kuwa jina lake.

Hata hivyo, sifa hizi zisitufumbe macho. Rafiki mpenzi wa Ya anatolewa kafara kwa ajili ya mamlaka ya waziri. Msomaji aweza kulalamika kwamba mara nyingine tena mapenzi ya namna hii yamelipiwa kwa damu. Lalamiko hilo ni la haki. Lakini mkono unaoua ni wa mamlaka, na riwaya haisemi popote kwamba marehemu alistahili kifo.

Basi tujibu swali letu. Kufanana na mhusika hakumpi mwandishi haki, wala kutofautiana naye hakumnyang'anyi. Haki huchumwa kwa kazi. Lile ambalo Mudimbe aliwauliza wataalamu wa Ulaya ndilo tumwulize kila mtunzi, na Mudimbe mwenyewe: je, mtu huyu ana kitu chochote kisichohitajika kwa hoja ya anayemsema? Wanafunzi wetu wanaotunga leo kwa Kiswahili walikumbuke hilo, kwa maana miongoni mwa wasomaji wao wamo wale wanaosimuliwa, nao watajitambua humo, au watatambua kwamba wamesingiziwa.