Bangi: Jina, Mmea na Njia Zake Katika Afrika

Kamusi za Kiswahili hulimaliza neno bangi kwa mistari michache: mmea, majani yake, ulevi wake, na pengine kifupi cha kuonyesha kuwa asili ya neno ni Bara Hindi. Ufupi huo una athari zake. Msomaji huondoka akiamini kwamba mmea ulipovuka bahari pamoja na jina lake ulivuka pia na matumizi yake, na kwamba watu wa Afrika hawakuwa na la kufanya ila kupokea. Majina ya mmea huu katika lugha za Kiafrika, pamoja na msamiati wa vyombo vyake, yakisomwa kwa utaratibu yanatoa ushahidi wa namna nyingine.

Kuhusu asili ya neno lenyewe hakuna ubishi mkubwa. Kisanskriti kina bhanga, Kihindi kina bhang, Kiajemi kina bang, na Kiarabu kina banj. Hata hivyo umbo la Kiarabu lina kasoro kwa mtafiti wa Kiswahili. Kwanza, katika vitabu vya utabibu vya Waarabu neno banj lilitumika sana kwa mmea mwingine kabisa, wa jamii ya biringanya, unaopumbaza na kutia usingizi. Na hadi leo banj ni dawa ya ganzi hospitalini. Pili, maneno ya Kiarabu yenye herufi jimu huingia katika Kiswahili kwa j, kama yanavyoshuhudia maneno jibu, jumla na jirani. Lau bangi ingepitia mlango huo, ingetarajiwa kuwa *banji. Kweli, ziko lahaja za Oman zinazoitamka jimu kama g, na mabaharia wa Oman hawakuwa wageni Zanzibar wala Mombasa. Lakini maneno ya kawaida yaliyopokewa kutoka kwao hayakuichukua g hiyo, na si haki kuliwekea neno moja sheria yake peke yake. Njia ya moja kwa moja kutoka India, au kupitia Uajemi, ndiyo inayokubalika zaidi.

Wareno nao walilikuta neno hilo likitumika katika Bahari ya Hindi. Garcia de Orta, tabibu aliyeishi Goa, alilijadili kwa umbo la bangue katika kitabu chake cha mwaka 1563 kuhusu mimea na dawa za India. Padri João dos Santos, aliyetumikia Sofala na bonde la Zambezi mwishoni mwa karne ya 16, alilitumia jina hilohilo katika kitabu chake cha mwaka 1609 alipoeleza mmea uliolimwa na wenyeji wa huko. Jambo la kuangaliwa ni kwamba Santos alieleza bangue kama kitu cha kuliwa, majani yake yakikaushwa na kusagwa. Kishona hadi leo kina mbanje, umbo ambalo kwa sauti yake ya mwisho linakaribia zaidi banj kuliko bangi. Kwa hiyo hata katika pwani moja ya mashariki inaelekea kulikuwa na zaidi ya mlango mmoja.

Mambo hubadilika mtu anapoiacha pwani. Katika Kinyarwanda na Kirundi mmea huitwa urumogi. Katika Kiganda ni enjaga. Malawi huitwa chamba. Kongo ya kusini na Angola kuna riamba, diamba na liamba. Kusini kabisa, Wakhoekhoe walikuwa na jina ambalo Jan van Riebeeck aliliandika katika shajara yake ya Rasi mwaka 1658, nalo ndilo lililokuja kuwa dagga katika Kiafrikaans. Hakuna hata moja kati ya majina haya linaloweza kutolewa katika bangi kwa kanuni za sauti zinazojulikana. Wapo waliojaribu kuliunganisha kundi la -amba na bangi kwa sababu yana mfanano wa juujuu, lakini ng ya neno lililokopwa haigeuki mb kwa matakwa ya mtafiti. Na anayedai hivyo ana wajibu wa kuonyesha maneno mengine yaliyofuata njia hiyo.

Je, majina haya yanathibitisha kuwa mmea ulikuwako bara kabla ya misafara ya Waswahili na Waarabu ya karne ya 19? Hapa tahadhari inahitajika, maana jina laweza kuwa kongwe kuliko kitu. Dagga ni mfano mzuri: jina hilo limehusishwa pia na mimea mingine ya porini yenye maua ya rangi ya chungwa, ambayo hadi sasa huitwa dagga mwitu. Mfano ulio wazi zaidi uko ng'ambo ya Atlantiki. Neno la kawaida la bangi nchini Brazili ni maconha, lililotokana na Kimbundu cha Angola. Na katika Angola yenyewe makanya ni tumbaku. Jina la jani moja la kuvutwa lilihamia jani jingine la kuvutwa. Ushahidi wa majina, basi, haumpi mwanahistoria tarehe. Unachompa ni kitu kingine chenye thamani: unamwonyesha kwamba watu wa bara waliuweka mmea huu katika mpango wao wenyewe wa mimea, wakaupa jina kutoka ndani, hawakungoja jina la mfanyabiashara.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika kiko. Katika Asia ya Kusini, matumizi ya zamani ya bangi yalikuwa hasa kuila na kuinywa: ilisagwa, ikachanganywa na maziwa na viungo, au ikatiwa katika vitamutamu. Afrika iliivuta. Edward Steere, katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha Unguja kilichochapishwa mwaka 1870, aliorodhesha viungo vya kiko cha wakati wake kwa uangalifu ambao leo ni hazina. Bori ni kichwa kinachotiwa tumbaku; digali ni mwanzi unaoshuka kutoka borini kuingia katika chombo kidogo cha maji; chombo hicho cha maji ndicho kiko hasa; na mwanzi utokao kikoni kwenda mdomoni ni shilamu. Hata sauti ya maji yanapobubujika ilikuwa na jina lake: malio ya kiko.

Msamiati huu unastahili kutazamwa neno kwa neno. Shilamu linafanana mno na chilam la Kihindi na Kiajemi. Lakini chilam ni kile kichwa cha moto, na shilamu ya Unguja ni mwanzi wa mdomoni. Neno limekopwa, kisha likahamishwa kiungo. Malio ni Kibantu safi, kutoka kitenzi -lia chenye mnyambuliko wa kawaida kabisa. Na kiko, jina ambalo leo kwa wengi ni kiko chochote kile hata cha mbao kisicho na tone la maji, asili yake ilikuwa ndicho chombo cha maji. Lugha inayoita chombo kizima kwa jina la sehemu ya maji inakumbuka kwamba maji ndiyo yaliyokuwa kiini cha ufundi. Steere aliandika habari za tumbaku, lakini wasafiri wa karne hiyo waliona vyombo vya namna hiyo vikivutiwa bangi pia, vikitengenezwa kwa kibuyu, pembe au fuu la nazi.

Ukongwe wa ufundi huo umejadiliwa sana tangu mwaka 1975, Nikolaas van der Merwe alipotangaza matokeo ya uchunguzi wa vichwa vya viko vilivyofukuliwa katika pango la Lalibela, Ethiopia. Mabaki yaliyokuwamo yalionyesha dalili za bangi, na umri wake ulikadiriwa kuwa wa karne ya 13 au 14, yaani kabla tumbaku haijaletwa kutoka Amerika. Tarehe za pango moja hazitoshi kujenga historia ya bara zima. Lakini zikiwekwa kando ya msamiati wa viko, zinalipa uzito wazo kwamba uvutaji wa bangi ulikuwa mchango wa Afrika kwa mmea wa Asia.

Kwamba mchango huo ulikuwa na maana ya kijamii, si ulevi tu, kunaonekana katika Kasai. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, baadhi ya Baluba wa Lulua chini ya Kalamba Mukenge walijiita Bena Riamba, watu wa bangi. Hermann von Wissmann, aliyefika kwao mwaka 1881, alieleza jinsi kuvuta pamoja kulivyokuwa ishara ya urafiki na ya kuacha vita baina ya vijiji. Msemaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri ya bena: ni wenye, kama katika mwenyeji na wenyeji.

Brazili, ambako watumwa wa Angola waliufikisha mmea, inaonyesha nguvu ya majina hayo kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1830 halmashauri ya jiji la Rio de Janeiro ilipiga marufuku kuuza na kuvuta pango, neno lililo ndugu wa bangue. Muuzaji alitozwa faini, na mtumwa aliyevuta alifungwa. Jina pango lilififia baadaye. Diamba na maconha, majina ya wavutaji wenyewe, ndiyo yaliyodumu.

Sheria za kimataifa zilikuja kuyafuta majina haya kwa pamoja. Afrika Kusini iliiandikia Jumuiya ya Mataifa mwaka 1923 kuhusu dagga, na mjumbe wa Misri aliizungumzia hashishi kwa ukali katika mkutano wa Geneva. Mkataba wa mwaka 1925 ulitaja vichwa vya maua vya mmea wa kike, kwa jina lolote lile vitakalopewa katika biashara. Ni kifungu cha kisheria chenye busara yake, kwani muuzaji hapaswi kuponyoka kwa kubadilisha jina. Ila kwa historia ya lugha, maneno hayo ndiyo mlango uliofungwa: urumogi, enjaga, chamba na riamba hayakuwa tena maarifa ya watu, yalikuwa visingizio. Mkataba wa mwaka 1961 ulikaza zaidi, na sheria za Kenya za mwaka 1994 na za Tanzania za mwaka 1995 na 2015 zimefuata msingi huo. Katika tafsiri Waswahili wenyewe walitengana: Kenya ikapendelea mihadarati, kutoka mzizi wa Kiarabu wa kutia ganzi, Tanzania ikashika dawa za kulevya.

Sayansi nayo ilikuwa na majina yake. Linnaeus aliuita mmea Cannabis sativa mwaka 1753. Lamarck akatenga Cannabis indica mwaka 1785. Na mwaka 1924 Janischewsky akaongeza Cannabis ruderalis, gugu fupi la kusini-mashariki ya Urusi, jina lake likitokana na neno la Kilatini la kifusi. Gugu hilo lisilo na nguvu ya ulevi limekuja kuwa na umuhimu usiotarajiwa. Bangi ya kawaida huchanua usiku unapokuwa mrefu. Karibu na Ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki hata kwa saa moja kati ya Juni na Desemba, aina za wenyeji zimezoea kuchelewa kuchanua na kurefuka sana. Ruderalis, iliyozoea kiangazi kifupi cha kaskazini, huchanua kwa umri, majuma machache baada ya kuota, mwanga uwe mwingi au mchache. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbegu chotara za ukoo huo zilianza kuuzwa kwa watu wanaopanda ndani ya nyumba kwa taa, hasa wanaoanza, kwa kuwa haziwalazimu kubadilisha saa za mwanga.

Tangu Kanada iliporuhusu upandaji wa nyumbani mwaka 2018, na Ujerumani mwaka 2024, wakalimani wa Kiswahili katika nchi hizo wanaweza kukutana na istilahi ya mbegu hizi katika mikataba ya upangaji nyumba na mahakamani. Pendekezo linalojitokeza haraka ni bangi inayojichanua, tafsiri ya sisisi ya jina la Kiingereza. Halifai. Kitenzi -chanua katika matumizi ya ua hakihitaji yambwa, na hivyo kiambishi -ji- hakina pa kukaa. Isitoshe kila ua huchanua lenyewe. Bangi ya kuchanua kwa umri ni refu kidogo, lakini linasema kweli kuhusu mmea, na mkulima wa Kiswahili, aliyezoea kutenganisha mbegu ya muda mfupi na ya muda mrefu katika mahindi na mpunga, atalielewa bila kufafanuliwa.