Mrija wa kulishia mgonjwa: matatizo yake na namna ya kuyakabili

Mgonjwa asiyeweza kumeza, awe ameumia kichwa katika ajali ya Barabara ya Morogoro na kulazwa Tumbi, Kibaha, au amepata kiharusi, hulishwa kwa mrija unaopitishwa puani hadi tumboni. Hali hiyo ikielekea kuzidi wiki nne hadi sita, madaktari huona ni heri mrija uingizwe moja kwa moja tumboni kupitia tundu dogo la upasuaji.

Hatari kubwa ya mrija wa puani ni kuingia katika njia ya hewa. Chakula kikimwagika mapafuni huleta nimonia, ambayo inaweza kuua. Desturi ya kupuliza hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza mlio tumboni haiaminiki, kwani mlio husikika hata mrija ukiwa umepotea njia. Kinachofaa ni kuvuta majimaji na kuyapima kwa karatasi ya tindikali, kipimo kisizidi 5.5, au kupiga picha ya eksirei. Mgonjwa akikohoa au kubanwa pumzi, ulishaji usitishwe mara moja. Alishwe akiwa ameinuliwa nyuzi 30 hadi 45, na abaki hivyo kwa muda wa saa moja.

Mrija huzibwa zaidi na uji mzito na vidonge visivyosagika. Mtu mzima apitishiwe mililita 30 za maji safi kabla na baada ya kila mlo. Ukiziba, maji ya uvuguvugu yasukumwe na kuvutwa taratibu. Waya usitumike kamwe.

Mrija wa tumboni ukichomoka, tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Hapo ndipo umbali unapotesa: anayetoka Maneromango kwa bodaboda wakati wa masika anaweza kufika hospitali ya Kisarawe tundu likiwa limekwisha kusinyaa. Ikiwa upasuaji haujatimiza wiki nne, mrija usirudishwe nyumbani, maana unaweza kumwaga chakula nje ya mfuko wa tumbo. Tundu lifunikwe kwa kitambaa safi, na safari ianze. Kwa tundu la siku nyingi, ndugu aliyefundishwa anaweza kuingiza mrija safi kulizuia lisifunge, ila asilishe hadi mrija uhakikiwe.

Tumbo likikaza na kuuma sana, pamoja na homa, mgonjwa arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo bila kulishwa. Wekundu kidogo kuzunguka tundu huoshwa kwa maji na sabuni; usaha huhitaji daktari.