Ndondi za Jana na za Leo

Wazee wa rika langu tunapokaa pamoja na mazungumzo yakaangukia michezo, hakosi mmoja wetu kusema kwamba mabondia wa zamani walikuwa wanaume kweli, na wa leo wanacheza tu. Mimi niliyefundisha historia kwa miaka mingi siwezi kuiacha kauli kama hiyo ipite bila swali. Kabla ya kuwalinganisha watu wa nyakati mbili, sharti tuulize kila mmoja alipigana kwa kanuni zipi, kwa sababu kanuni ndizo zinazozaa mtindo.

Tuanzie London, mwaka 1743, Jack Broughton alipoandika kanuni za kwanza za mchezo huu. Alikataza kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka na kumshika chini ya kiuno. Mengi mengine yaliruhusiwa: kumkumbatia mpinzani, kumbwaga kama katika mieleka, hata kumvuta nywele. Raundi haikuwa na dakika. Iliisha mtu alipoanguka, naye akapewa nusu dakika ya kujikusanya. Mabondia walipigana mikono mitupu. Ndiyo maana katika picha za kale tunawaona wamesimama wima, kichwa kimerudi nyuma, mikono imetangulizwa mbele. Huo haukuwa ushamba. Mifupa ya kiganja ni myembamba na fuvu ni gumu, kwa hiyo aliyerusha makonde ovyo kichwani aliweza kuvunjika mkono mapema. Busara ilikuwa kulenga mbavu na tumbo, na kuchagua ngumi kwa uangalifu.

Daniel Mendoza, mtu wa kimo cha kawaida, aliwashinda waliomzidi uzito kwa wepesi wa miguu na kwa kujikinga, na mwaka 1789 akachapisha kitabu cha kufundisha sanaa hiyo. Mwaka 1795 John Jackson alimkamata nywele kwa mkono mmoja, akamtwanga kwa mkono wa pili, akautwaa ubingwa. Kanuni hazikumkataza.

Mwaka 1867 zikatangazwa kanuni za Queensberry, zilizoandikwa na John Graham Chambers: raundi ya dakika tatu, pumziko la dakika moja, kuhesabiwa hadi kumi, mieleka marufuku, na glavu mikononi. Hazikukubalika kwa siku moja. Mwaka 1889, huko Mississippi, John L. Sullivan na Jake Kilrain walipigana bado mikono mitupu kwa raundi 75. Lakini tarehe 7 Septemba 1892, mjini New Orleans, Sullivan huyo huyo alivaa glavu kumkabili James Corbett, kijana aliyewahi kuwa karani wa benki. Corbett hakusimama apigwe. Alizunguka, akagusa kwa mkono wa kushoto, akaondoka, akarudi tena. Katika raundi ya 21 bingwa alikuwa sakafuni.

Hapa ndugu msomaji naomba tutue kidogo. Wengi hudhani glavu zililetwa kumlinda anayepigwa. Kwa kweli kinacholindwa zaidi ni mkono wa anayepiga. Bondia alipoacha kuogopa kuvunjika vidole, kichwa kikawa shabaha kuu, na mapigo yakaongezeka. Mchezo ulipendeza macho zaidi, lakini ubongo ukaanza kulipa gharama ambayo zamani ililipwa na vidole.

Baadaye filamu nayo ikawa mwalimu. Mjerumani Max Schmeling alitazama picha za mapambano ya Joe Louis, akaona kwamba Louis akishapiga ngumi ya kushoto huushusha mkono huo. Mwaka 1936 aliitumia kasoro hiyo, akamwangusha katika raundi ya 12. Louis aliporudiana naye mwaka 1938 hakumpa nafasi ya kutafuta kasoro: mambo yaliisha raundi ya kwanza. Muhammad Ali ndiye aliyevunja mafundisho ya makocha wote. Alishusha mikono, akakwepa kwa kurudisha kichwa nyuma. Tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, saa kumi alfajiri kwa saa zao, alifanya jambo jingine kabisa: aliegemea kamba, akamwacha George Foreman apige mpaka achoke, kisha akammaliza katika raundi ya nane. Afrika ilishangilia, nami nilikuwa miongoni mwao. Miaka kumi baadaye Ali aligundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson, akaishi nao hadi alipofariki mwaka 2016.

Upande wa ridhaa nako kanuni ziliunda mtindo. Philip Waruinge wa Kenya alipata medali ya shaba tu huko Mexico mwaka 1968, lakini akapewa kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi bora kuliko wote. Titus Simba wetu alileta medali ya fedha kutoka Edinburgh mwaka 1970. Kofia za kukinga kichwa zikaja katika Olimpiki ya 1984. Mwaka 1992 ikaja mashine ya kuhesabu pointi, ambapo waamuzi walibonyeza vitufe karibu kwa pamoja. Mabondia wakajifunza haraka: ngumi moja ndefu inayoonekana na wote ilikuwa na faida kuliko makonde mengi ya karibu tumboni. Mashine hiyo iliachwa baadaye, na katika Olimpiki ya 2016 wanaume walivuliwa kofia.

Pambano la ubingwa wa kulipwa nalo lilipunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12 baada ya kifo cha Mkorea Duk Koo Kim mwaka 1982. Hata hivyo, Julai 1994 alifariki huko Las Vegas, baada ya pambano, Robert Wangila wa Kenya, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988.

Kwa hiyo sikubali kwamba mabondia wa leo ni dhaifu. Wamekabidhiwa mchezo wenye mwendo wa kasi na wenye hatari iliyojificha zaidi. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, wanachuo waliniomba ruhusa ya kuanzisha ngumi. Niliwaruhusu kwa masharti mawili: muhula wa kwanza ni wa miguu na kinga pekee, na atakayepigwa akaona kizunguzungu hatarudi ulingoni mwezi mzima. Baadhi yao walinung'unika kwamba huko ni kucheza dansi. Niliwajibu kwamba Mendoza alishinda kwa dansi hiyo, na kwamba nilikuwa nawaandaa kwenda kufundisha watoto, kazi inayohitaji kichwa kizima.