Giza la Kurudi Nyumbani: Sinema za Kutisha na Usiku wa Mukumu

Swali la iwapo sinema za kutisha za zamani, yaani zile zinazotungwa kwa kusudi la kumtia mtazamaji hofu, zinaogofya kuliko za kisasa, kwa kawaida hujibiwa kwa kulinganisha ufundi wa kamera, sauti na mapambo ya nyuso. Hata hivyo, historia ya utazamaji katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, kama vile vinavyoizunguka Mukumu katika nchi ya Waisukha, kusini mwa mji wa Kakamega, inaonyesha kwamba ulinganisho huo huacha nje jambo kubwa zaidi, nalo ni usiku ambamo sinema ilitazamwa na njia ambayo mtazamaji alipaswa kuipita baada ya picha kwisha.

Mukumu, ambako wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walianzisha kituo chao mwaka 1906, haikungoja sinema ili ijifunze kuogopa. Ngano za Waluhya, ambazo bibi aliwasimulia wajukuu wakiwa wameuzunguka moto, zilijaa manani, yaani majitu yanayokula watu, na watoto walikua wakisikia habari za wakimbiaji wa usiku, ambao ni watu wanaoaminika kuzunguka gizani wakitikisa milango na kuwahangaisha waliolala. Sanaa ya ngano hizo ilitegemea kuficha, kwa kuwa zimwi halikuwa na sura isipokuwa ile ambayo kila msikilizaji aliichora moyoni mwake, na giza lililoanza pale mwanga wa moto ulipokoma lilikuwa sehemu ya masimulizi yenyewe.

Sinema iliyopelekwa vijijini na wakoloni ilikuwa na nia tofauti. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na uwekaji wa akiba, zikiwemo za kuonya juu ya minyoo ya safura, kisha ukazizungusha Afrika Mashariki. Baadaye kazi hiyo ilichukuliwa na magari ya sinema, ambayo yalibeba mtambo wa kuonyeshea picha na turubai jeupe la kutundikwa uwanjani. Filamu hizo zilikusudiwa kufundisha, lakini zilifika katika nchi ambamo tayari ulikuwa umeenea uvumi wa wazimamoto, au kachinja, waliosemekana kuwakamata watu usiku na kuwanyonya damu, na gari la usiku lilikuwa miongoni mwa vitu vilivyohusishwa na uvumi huo. Hofu, kwa hiyo, ilikuwa uwanjani kabla picha ya kwanza haijaonekana.

Ughaibuni, sinema za kutisha za zama hizo zilifuata kanuni iliyokaribiana na ya ngano. Nosferatu ya mwaka 1922 ilikitumia zaidi kivuli cha zimwi lake kinachopanda ngazi kuliko mwili wake wenyewe, na Cat People ya 1942, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, ilimficha mnyama wake gizani ikamwachia mtazamaji kazi ya kumkamilisha. Sinema za baadaye, kama The Exorcist ya 1973 na Saw ya 2004, zilielekea zaidi kwenye kuonyesha, na kwa kuwa jicho huzoea haraka kile linachokiona, kila kizazi cha watengenezaji kililazimika kuongeza damu na kelele.

Lakini ukale peke yake hautoshi kueleza hofu, kama inavyothibitishwa na enzi ya kanda za video. Filamu ya Nigeria, Living in Bondage, iliyotoka mwaka 1992, ilisimulia habari za mume anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri, na nchini Tanzania mwongozaji Mussa Banzi alileta Nsyuka na Shumileta, ambazo zilichanganya mizimu na majini na maisha ya kila siku. Mapambo ya filamu hizi yalikuwa ya gharama ndogo na hila zake zilionekana wazi, lakini ziliogofya kwa sababu wafu wake walirudi katika nyumba zinazofanana na za watazamaji. Kinyume chake, wafasiri wa vibanda vya video, akiwemo DJ Afro nchini Kenya, walipoingiza sauti zao juu ya sinema za kigeni, waliweza kuligeuza zimwi la kutisha kuwa kichekesho, ijapokuwa picha haikubadilika hata kidogo.

Kuenea kwa umeme katika vijiji vya Kenya tangu mpango wa kuziunganishia kaya umeme ulipozinduliwa mwaka 2015, pamoja na simu za mkononi, kumeyabadilisha masharti ya utazamaji, kwa maana mtazamaji wa leo anaweza kuisimamisha picha, kuitazama mchana au kuizima akiwa kitandani. Mtazamaji wa uwanjani hakuwa na uwezo huo, kwani gari lilipozima taa na kuondoka, alibaki na njia ya miguu kati ya mahindi, akilipita Jiwe la Ilesi, ule mwamba unaosemekana kulia, huku akisikia nyayo ambazo hakujua kama ni zake. Kinachoitwa uzito wa sinema za zamani, basi, kilikuwa kwa sehemu kubwa uzito wa njia hiyo, ambayo hakuna mwongozaji aliyeitunga.