Tarakimu Nne Zikabaki Moja

Mwaka 1979, wiki ya kwanza ya somo la makadirio pale Chuo Kikuu, Mlimani, mwalimu wetu aliandika ubaoni mlinganyo mmoja: x³ − 2x − 5 = 0. Akatuambia tutafute x. Tulitoka kidato cha sita tukiamini kila mlinganyo una kanuni yake, na kwamba jibu zuri ni lile linalotoka kamili. Huu ulitugomea. Nimestaafu sasa, baada ya kufundisha somo hilohilo maisha yangu yote ya kazi, na bado sijaona mlinganyo ninaoupenda kama huo.

Ni wa Isaac Newton. Aliutumia mwaka 1669 kuonyesha njia yake, na John Wallis akaichapa kitabuni mwaka 1685. Newton alianza na kisio tu: 2. Ukiiweka 2 mahali pa x unapata −1 badala ya 0, kwa hiyo imepungua kidogo. Akasema basi jibu ni 2 na kitu, akakiita p, akakipachika, akapata p³ + 6p² + 10p − 1 = 0. Hapa ndipo penye ujasiri. Kwa kuwa p ni ndogo, kipeo chake cha pili na cha tatu ni vidogo zaidi, akaviweka kando. Ikabaki 10p = 1, yaani p ni 0.1. Sasa 2.1 ikawa imezidi, akaipunguza kwa 0.0054. Akarudia mara moja tena, akafika 2.09455147. Joseph Raphson alikuja kuirahisisha njia hiyo mwaka 1690, lakini mimi hupenda kuwapitisha wanafunzi kwenye ile ya kwanza, waone namna namba inavyosogezwa hatua kwa hatua.

Sisi tulikuwa na penseli, kifutio na kitabu cha majedwali ya tarakimu nne. Usiku mmoja nilijaribu 2.095. Kipeo chake cha tatu, kwa tarakimu nne, ni 9.195. Nikatoa 4.190, nikatoa 5, ikabaki 0.005. Niliitazama ile 5 muda mrefu. Nilikuwa nimeingia na tarakimu nne za kuaminika, nikatoka na moja. Hakuna nilipokosea kuzidisha wala kutoa. Namba mbili zinazokaribiana sana ukizitoa, zinakula karibu usahihi wote. Usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba kukadiria si kubahatisha. Anayekadiria anawajibika kusema jibu lake linaweza kupotoka kwa kiasi gani.

Na kazi hii ni kongwe kuliko Newton kwa mbali. Heron wa Alexandria, katika karne ya kwanza, alitaka kipeuo cha pili cha 720. Alikisia 27. Akagawanya 720 kwa 27, akapata 26⅔, akachukua wastani wa hizo mbili: 26 na sehemu tano za sita. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, utapata 720 na sehemu moja tu ya 36.

Wababeli walikuwa wamemtangulia. Chuo Kikuu cha Yale kinahifadhi kibao cha udongo chenye umri wa miaka zaidi ya 3,600. Kimechorwa mraba na mistari yake miwili ya kona kwa kona. Ubavuni pana 30. Juu ya mstari pana 1, 24, 51, 10, kwa hesabu yao ya sitini sitini. Hicho ni kipeuo cha pili cha 2, na kimekosea kwa chini ya sehemu moja ya milioni. Kibao chenyewe ni cha mviringo, kinaenea kiganjani, na wataalamu wengi wanakiona kuwa kazi ya mwanafunzi.

Kila mwaka nilikichora ubaoni kabla ya kuandika mlinganyo wa Newton, kisha nikawaachia vijana dakika kumi wazidishe wenyewe, kwa sitini sitini, 30 kwa namba ile ya juu ya mstari.