Marufuku ya sigara magerezani yaokoa mioyo, lakini faida huishia langoni

MARUFUKU ya uvutaji sigara magerezani, ambayo imeenea katika nchi kadhaa tangu miaka ya 1990, imesafisha hewa wanayovuta wafungwa na askari, na imeambatana na kupungua kwa vifo. Hata hivyo, faida hiyo huweza kupotea katika wiki chache tu baada ya mfungwa kuachiwa huru.

Gereza ni mahali pa pekee katika suala la moshi. Mtu aliye mgahawani huweza kuondoka akikerwa, lakini mfungwa hachagui chumba wala mtu wa kulala naye chumba kimoja.

Hoja hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1993, katika shauri la Helling dhidi ya McKinney. Mfungwa wa jimbo la Nevada alilalamika kuwa aliwekwa chumba kimoja na mtu aliyevuta pakiti tano za sigara kwa siku. Majaji waliamua kuwa mfungwa anaweza kudai haki kwa sababu ya moshi unaohatarisha afya yake ya baadaye, hata kama bado hajaugua.

Wengi wanapotaja madhara ya sigara hukumbuka saratani ya mapafu, ilhali moyo hudhurika mapema zaidi. Hewa ya kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na nikotini huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kemikali nyingine huumiza kuta za ndani za mishipa na kuifanya damu igande kwa urahisi. Damu inapoganda katika mshipa unaolisha moyo, mshtuko wa moyo hutokea.

Asiyevuta naye hayuko salama. Kuvuta moshi wa wengine humwongezea hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 25 hadi 30.

Scotland ni mfano mzuri wa tofauti iliyokuwapo kati ya raia na wafungwa. Nchi hiyo ilipiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma yaliyofungwa Machi 2006. Uchunguzi katika hospitali tisa ulionyesha kuwa wagonjwa waliolazwa kwa matatizo ya ghafla ya mishipa ya moyo walipungua kwa asilimia 17, na theluthi mbili ya upungufu huo ilitokana na watu wasiovuta.

Lakini sheria hiyo haikugusa vyumba vya wafungwa, ambao takriban saba kati ya kumi walikuwa wavutaji. Walisubiri hadi Novemba 30, 2018. Vipimo vilivyochukuliwa katika magereza yote 15 wiki ya kwanza ya marufuku vilionyesha kuwa chembechembe za moshi hewani zilipungua kwa takriban asilimia 80.

Kuhusu vifo, takwimu pana zaidi zinatoka Marekani. Majimbo yenye marufuku ya aina yoyote magerezani yaliongezeka kutoka 25 mwaka 2001 hadi 48 mwaka 2011. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la BMJ ulibaini kuwa vifo vya wafungwa vitokanavyo na maradhi ya sigara, yakiwamo ya moyo na kiharusi, vilikuwa pungufu kwa asilimia 9 palipokuwa na marufuku.

Marufuku pekee, hata hivyo, haimalizi kazi. Mwaka 2015, wafungwa katika gereza la mahabusu la Ravenhall, karibu na Melbourne nchini Australia, walifanya ghasia siku moja kabla ya marufuku kuanza. Scotland iliruhusu sigara za kielektroniki ili kupunguza makali ya kuacha ghafla.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko nje ya lango. Utafiti uliofanyika katika gereza lisiloruhusu sigara huko Rhode Island, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwafuatilia wafungwa walioachiwa. Wiki tatu baadaye, ni asilimia 7 tu ya waliokosa ushauri maalumu waliokuwa hawajarudia sigara. Miongoni mwa waliopewa ushauri kabla na baada ya kutoka, waliostahimili walikuwa asilimia 25.

Tofauti hiyo ina uzito kwa moyo. Baada ya mwaka mmoja hivi bila sigara, hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo aliyokuwa nayo mvutaji hupungua kwa nusu. Mfungwa aliyetumikia mwaka mmoja hutoka akiwa na hazina hiyo mwilini, lakini bila msaada wa kuilinda, huipoteza kwa sigara za siku za kwanza za uhuru.