Namba ya plagi si cheo: Datsun 240Z kati ya Embu na Meru

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa ukifika mwisho utaona sijaenda mbali.

Binamu yangu wa Embu ana Datsun 240Z, ile ya milango miwili na pua ndefu. Juzi alinipigia simu akiwa na furaha. Alikuwa ametoa plagi za zamani zilizoandikwa Champion N9Y, akaenda duka la spea na kuomba za NGK, "namba tisa vile vile". Nikamwambia: ndugu yangu, usizifunge kwanza. Tisa ya huyu si tisa ya yule.

Hebu tuanze na plagi yenyewe. Namba hiyo haisemi nguvu ya cheche, wala ubora. Inasema plagi inaondoa joto haraka kiasi gani kutoka kwenye ncha yake kwenda kwenye chuma cha injini. Ncha ikikaa chini ya nyuzi 450 hivi, masizi hayaungui, yanajaa kwenye kauri na cheche inapotea. Ikipita nyuzi 850 hivi inaanza kuwaka kama kaa, na mafuta yanashika moto kabla ya wakati wake. Hapo pistoni inaweza kutoboka. Plagi ya "moto" inashikilia joto. Plagi "baridi" inalitoa upesi. Kazi yote ya kuchagua ni kukaa katikati.

Sasa ukitaka kujua kwa nini jambo hili ni gumu, chukua barabara ya Embu kwenda Meru. Unapita Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu. Upande wa kushoto ni Mlima Kenya, na kila mto unaotoka huko unakata njia: Thuci, Nithi, Mutonga na mingine. Unateremka hadi darajani ukiwa umeachia mafuta, plagi inapoa, na injini iliyochoka inanyonya oili. Halafu unapanda upande wa pili umekanyaga mafuta yote, na ncha ile ile inachemka. Dakika chache baadaye unarudia. Isitoshe, Embu iko karibu mita 1,350 juu ya bahari, na ukivuka Meru kwenda Timau unapita mita 2,000. Huko hewa ni nyepesi kuliko Mombasa kwa karibu asilimia 20, lakini kabureta haijui. Inaendelea kumwaga petroli kama iko pwani, na masizi yanaongezeka.

Barabara za namna hii ndizo zilizoijengea Z jina. Mashindano ya Safari yalianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na katika miaka mingi yalizunguka Mlima Kenya kupitia pande hizi, wakati ambapo hapakuwa na lami na mvua ya Pasaka iligeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa na 240Z, na Shekhar Mehta akawa wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda na Lofty Drews ndani ya 240Z baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyeendesha Datsun 180B. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali.

Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanafikiri gari lililoshinda Safari linastahili plagi "kali". Lakini injini ile, silinda 6 za jumla ya sentimita za ujazo 2,393, ilitoka kwa watengenezaji ikiwa gari la mtu wa kwenda kazini. Plagi yake ya kawaida ni NGK BP6ES. Namba sita, iko katikati kabisa.

Turudi kwenye ile tisa. Plagi ya kisasa ilizaliwa 1902, pale Gottlob Honold wa kampuni ya Robert Bosch alipotengeneza magneto ya volti nyingi pamoja na plagi yake. Injini zilipozidi kuwa na nguvu ilibidi joto lipewe kipimo. Bosch walipima sekunde ambazo plagi ingevumilia katika injini ya majaribio kabla ya kuanza kuwasha mafuta yenyewe. Kwa hiyo W175 ilikuwa ya moto, W225 baridi zaidi: namba kubwa, plagi baridi. Baadaye Bosch hao hao wakafupisha namba na kugeuza mwelekeo. Iliyokuwa W175T30 ikawa W7D, na sasa namba ndogo ndiyo baridi! Champion nao, ndogo ni baridi. NGK na Denso wa Japani, kubwa ndiyo baridi.

Waandika programu mtanielewa. Huyu amebadilisha maana ya namba kati ya toleo moja na jingine, na wale wengine kila mmoja ana kanuni yake.

Kwa hiyo plagi moja ya 240Z ina majina haya: NGK BP6ES, Bosch W7DC, Champion N9YC, Denso W20EP. Sita, saba, tisa, ishirini. Joto lao linakaribiana sana.

NGK namba tisa ya binamu yangu ni ya mashindano. Ingejaa masizi kabla hajafika Chuka. Hilo ni usumbufu tu, atasukuma gari. Kosa la upande wa pili ndilo ghali: anayetoa Champion namba ndogo, iliyo baridi, akafunga NGK namba ndogo, iliyo moto. Huyo atalipia pistoni, na spea za Z hazipatikani kila duka.

Soma herufi pia. Kwa NGK, B ni uzi wa milimita 14, P ni ncha iliyochomoza, E ni urefu wa uzi wa milimita 19. Ukifunga fupi, kaboni itajaa kwenye uzi uliobaki wazi. Ukifunga ndefu kupita kiasi, pistoni inaweza kuigonga. R, kama BPR6ES, ni kizuizi cha kelele za umeme. Itafute kama umeondoa pointi za zamani na kuweka mfumo wa elektroniki.

Ushauri wangu basi: anza na sita, pengo milimita 0.8 hadi 0.9. Panda na kuteremka, kisha uzitoe uzitazame, maana plagi ni kumbukumbu ya yaliyotokea ndani ya silinda. Nyeusi na kavu? Rekebisha kabureta na kisafisha hewa kabla ya kukimbilia tano. Nyeupe yenye malengelenge? Angalia muda wa cheche na uhaba wa petroli kabla ya kukimbilia saba. Na kumbuka wazee wetu walijifunza rangi hizi wakati petroli ilikuwa na risasi, iliyoondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Siku hizi plagi nzima hupauka zaidi, kwa hiyo usitishike upesi.

Binamu alirudisha zile tisa dukani, akachukua sita. Jumapili iliyopita alienda Meru na kurudi. Alisema kitu kimoja tu: gari halikukohoa pale Nithi.